Dau Lisilo Lake

Imo katika Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa Wahindi uliotungwa kwa Kisanskriti, hadithi ya baraza moja ambamo mwanamke aliuliza swali na wazee wote wakainamisha vichwa. Mfalme Yudhishthira amealikwa na binamu zake kucheza kamari. Anayemkabili ni Shakuni, mjomba wa Duryodhana, bingwa wa kurusha dadu na bingwa wa hila. Yudhishthira anapoteza lulu, anapoteza dhahabu, farasi, tembo, watumishi, na mwisho nchi nzima. Hapo akawaweka dau ndugu zake mmoja mmoja: Nakula, Sahadeva, Arjuna, Bhima. Wote wakaliwa. Akajiweka mwenyewe, naye akaliwa. Shakuni akamkumbusha kwamba bado anacho kitu kimoja. Ndipo akamweka dau Draupadi, mkewe, ambaye kwa mila ya hadithi ile alikuwa mke wa ndugu wote watano. Akashindwa tena.

Mjumbe akatumwa ndani kumwita Draupadi aje barazani kama mtumwa. Hakulia wala hakukimbia. Alimrudisha mjumbe na swali: mwulize yule mcheza kamari, alianza kumpoteza nani, yeye nafsi yake au mimi?

Ni swali fupi, lakini tazama, msomaji, jinsi lilivyojengwa. Ikiwa Yudhishthira alijipoteza kwanza, basi alipomweka mkewe dau alikuwa tayari ni mtumwa, na mtumwa hana milki. Atamwekaje dau mtu mwingine? Bhishma, mzee wa ukoo, mwenye elimu ya sheria kuliko wote, alikiri kwamba njia ya haki ni nyembamba mno na yeye hawezi kuifafanua. Akasema kwa upande mmoja asiye na kitu hawezi kuweka dau cha mwenziwe. Na kwa upande mwingine mke huhesabiwa daima kuwa chini ya amri ya mumewe, awe huru awe mtumwa. Akanyamaza. Kijana mmoja tu, Vikarna, ndugu yake Duryodhana mwenyewe, ndiye aliyethubutu kusimama na kusema kwamba Draupadi hakushindwa. Alitaja sababu: Yudhishthira alikwisha jipoteza, Draupadi ni mke wa watano si wa mmoja, na wazo la kumweka dau lilitoka kwa Shakuni, si kwa mumewe. Karna akamkemea, akamwambia ni mtoto asiyejua sheria. Yaliyofuata, ya kuburutwa kwa nywele na kuvuliwa nguo, yanajulikana na kila mtoto wa Kihindi.

Wachoraji na watengenezaji wa filamu wanapoionyesha hadithi hii, aghalabu huwaweka watu hawa mbele ya kitambaa chenye umbo la msalaba, yaani mchezo wa chaupar, ambao ndugu yake wa karibu ni pachisi. Wataalamu wa Kisanskriti wanasema sivyo: mchezo wa utenzi ule ulichezwa kwa kokwa za mti uitwao vibhitaka, bila ya ubao tunaoujua leo. Lakini fikra za watu zimekwisha amua, nami sioni ubaya. Chaupar na pachisi ndiyo michezo iliyowafuata Wahindi nyumbani na kwenye majumba ya wafalme, na inafaa ibebe mzigo wa swali lile.

Pachisi maana yake ni ishirini na tano. Kitambaa chake kina mikono minne, na kila mkono una safu tatu za vyumba vinane vinane, hivyo vyumba ishirini na nne kwa mkono, tisini na sita kwa jumla, ukiacha kile cha katikati. Wachezaji ni wanne, wawili wawili, wenza wakikabiliana kama katika karata. Kila mmoja ana kete nne. Kete hutoka katikati, zikashuka kwa safu ya kati, zikazunguka msalaba mzima, kisha zikapanda kurudi zilikotoka. Badala ya dadu hurushwa simbi, na hesabu hutegemea ngapi zimeangalia juu. Katika utaratibu mmoja unaojulikana sana, wa simbi sita, zikiinama zote, ndipo mchezaji hupata ile ishirini na tano iliyoupa mchezo jina lake. Hilo hunifurahisha: kinachozaa kingi ni pale ambapo hakuna simbi hata moja iliyofunua kinywa.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa simbi ni nini. Zimejaa katika mchanga wetu, na jina lenyewe la kete tunalotumia kwa vitu vya kuchezea lilikuwa la simbi ndogo kabla ya kuwa la kitu kingine. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizibeba simbi kutoka Unguja kwa majahazi na merikebu hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Na kabla ya hapo simbi za visiwa vya Maldivi zilikuwa zimekwisha pelekwa huko huko na Waholanzi na Waingereza, na miongoni mwa vilivyonunuliwa kwazo walikuwamo binadamu. Chombo kimoja, basi, kimekuwa dadu, kimekuwa sarafu, kimekuwa bei ya mtu. Nitarudi kwenye jambo hili.

Kuna kanuni mbili za pachisi ambazo watu wa leo hawazijui, kwa sababu zimepotea njiani. Ya kwanza ni ule wenza. Ushindi ni wa wawili, na hauji mpaka kete zote nane zimefika. Mchezaji aliyetangulia anaweza kujichelewesha makusudi, akaacha kete yake nje, ili imlinde mwenzake aliyekwama nyuma. Ya pili ni hii: mchezaji halazimiki kuitumia hesabu aliyoirusha. Simbi zimesema sita, naye anatazama kitambaa, anaona kwamba sita hiyo itampeleka mdomoni mwa adui, anasema: siendi. Bahati inatoa, mtu anapokea au anakataa.

Msomaji mwenye kujua bao atasema kanuni hii ni ya kulegea. Katika bao letu mwenye mtaji hana hiari, akiwa na cha kula lazima ale, hata kama mlo huo utamwangamiza baadaye. Ni kweli. Lakini bao halina bahati ndani yake. Kete sitini na nne ziko wazi mbele ya macho ya wote, na mtu akilazimika kula leo ni kwa kuwa hakuona juzi. Lazima ya bao ni deni la mtu mwenyewe. Lazima ya dadu ni kitu kingine kabisa, na ndiyo maana naona waliouweka mlango wa kukataa katika pachisi walikuwa watu wenye busara.

Mchezo ulipovuka bahari mlango huo ulifungwa. Marekani uliuzwa kwa jina la Parcheesi, jina lililosajiliwa kuwa alama ya biashara mwaka 1874. Uingereza ulifanyiwa hati miliki katika miaka ya 1890 kwa jina la Ludo, neno la Kilatini lenye maana ya "nacheza". Simbi zikaondolewa, ikawekwa dadu moja katika kikombe. Wenza ukavunjwa, kila mtu akawa peke yake. Na katika namna inayochezwa zaidi, ukirusha sita ni lazima usogee, utake usitake. Wajerumani wakautengeneza wa kwao, Mensch ärgere dich nicht, ambao jina lake ni nasaha: ewe mtu, usikasirike. Ulianza kuuzwa kwa wingi mwaka 1914, na mtengenezaji wake, Josef Friedrich Schmidt, alipeleka seti elfu tatu katika hospitali za askari wa vita vya kwanza vya dunia. Nafikiri askari aliyelala kitandani bila mguu alielewa kuliko sisi maana ya mchezo ambao unarudishwa mwanzo na mtu usiyemkosea, kisha unaambiwa usikasirike. Ludo ikafika huku kwetu kwa njia za dola ile ile, ikakaa barazani karibu na karata na dhumna.

Swali la kale la wanafalsafa juu ya michezo hii ni kama ushindi hutoka kwa bahati au kwa akili. Al-Mas'udi, msafiri wa Baghdad ambaye mwaka 916 alifika Kanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba, ameligusa katika Muruj adh-Dhahab. Anaeleza kwamba Wahindi waliufanya mchezo wa nardi kuwa mfano wa dunia, ambapo riziki haipatikani kwa werevu, na sataranji kuwa jibu lake, ambapo mwenye kufikiri ndiye hupata. Akataja pia kauli ya mwanazuoni aliyesema kwamba aliyebuni sataranji alikuwa mtu wa Mu'tazila, anayeamini hiari, na aliyebuni nardi alikuwa Jabri, anayeamini kwamba mja hana uwezo mbele ya yaliyokadiriwa. Ni mzaha wa wasomi, na ni mzaha mzuri. Pachisi, kwa ule mlango wake wa kukataa, ungewatatiza wote wawili.

Swali hilo hilo limerudi katika karne yetu kwa sura ya kisheria. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya maradhi ya korona, ludo ya kwenye simu ilienea India kuliko wakati wowote, na pakawa na programu zilizowawezesha watu kuicheza kwa kuwekeana pesa. Mwaka 2021 lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Bombay ombi la kutaka ludo ya namna hiyo itambuliwe kuwa mchezo wa bahati, kwa maana nyingine kamari, kwani sheria za nchi ile kwa miaka mingi zilitofautisha mchezo wa ustadi na mchezo wa bahati. Kisha, mwezi Agosti 2025, Bunge la India lilipitisha sheria ya kupiga marufuku michezo yote ya mtandaoni ya kuwekeana pesa, uwe wa bahati, uwe wa ustadi, au uwe na vyote viwili.

Mintarafu ya sheria hiyo kuna mengi ya kubishania. Wapo wanaosema itawasukuma watu kwenye vichochoro, nami siwezi kuwabeza. Lakini kifikra ilifanya jambo ambalo baraza la Bhishma lilishindwa. Iliacha kuuliza umeshinda kwa nini, ikauliza umeweka nini.

Sababu yangu ya kuona kwamba hapo ndipo penye kiini imo katika utenzi wenyewe. Yudhishthira alipokuwa msituni uhamishoni, akijiona kuwa hapana mtu aliyepata dhiki kama yake, mzee Brihadashva alimsimulia habari za mfalme Nala. Nala naye alipoteza ufalme katika dadu, mbele ya ndugu yake Pushkara. Alipokuwa hana kitu, Pushkara akacheka, akamwambia: amebaki Damayanti, mweke dau. Nala hakujibu. Alivua mapambo yake, akatoka na nguo moja mwilini. Hii ndiyo sehemu ambayo wasimulizi hupenda kukoma, kwani inampendeza msikilizaji: huyu alifika ukingoni pale pale alipofika Yudhishthira, na akasema siendi.

Lakini utenzi haukomi hapo. Nala huyo huyo baadaye alimwacha Damayanti amelala msituni, akakata nusu ya nguo yake akaenda zake. Akatangatanga, akafunzwa na mfalme Rituparna siri ya dadu, akarejea kwa Pushkara akiwa na ustadi kamili. Na safari hii, alipomwita ndugu yake mchezoni, alisema yeye mwenyewe, bila ya kushawishiwa na mtu: dau langu ni mali yangu yote na Damayanti. Akashinda, ufalme ukarudi, watu wakafurahi, na sijaona msimulizi aliyekaa kulitazama neno lile.

Mimi nimelitazama sana. Mtu aliyekataa kumweka mkewe dau alipokuwa anashindwa, alimweka alipokuwa na yakini ya kushinda. Alipokuwa mja wa bahati alijua mpaka wake; alipokuwa bwana wa ustadi akausahau. Basi ikiwa ubaya wa kamari ni bahati tu, Nala wa mwisho hana lawama, kwani hakuwa akibahatisha. Na ikiwa bado tunaona kwamba alikosea, nami naona alikosea, lawama hiyo haitoki katika dadu. Inatoka katika dau. Damayanti hakuulizwa mara zote mbili. Mara ya kwanza ukimya wa mumewe ulimwokoa, mara ya pili maneno ya mumewe yalimweka mezani, na kwa upande wake hali ilikuwa moja: mambo yake yalikuwa kinywani mwa mwingine.

Tukirudi kwa swali la Draupadi kwa macho hayo, tunaona kwamba lina tabaka mbili. Tabaka la juu ni la mwanasheria: nani alitangulia kupotezwa. Alilichagua kwa makusudi, kwa kuwa alijua hilo ndilo wazee wale wangeweza kulisikia. Vikarna alilijibu kwa hoja za namna hiyo hiyo, na hoja zake ni safi. Ila zote, hata za Vikarna mwema, zinakubali jambo moja bila ya kulisema: kwamba Yudhishthira angekuwa bado huru, na mke angekuwa wake peke yake, na wazo lingekuwa lake, basi dau lingesimama. Wale waliomtetea na wale waliomdhulumu waligombana juu ya hati, si juu ya mali.

Tabaka la chini halikusemwa, lakini lilitetemesha nyumba. Mwishoni mfalme kipofu Dhritarashtra, kwa kuogopa ishara mbaya, alimpa Draupadi hidaya za kuomba. Aliomba uhuru wa Yudhishthira, kisha uhuru wa ndugu wanne pamoja na silaha zao. Alipoambiwa aombe ya tatu alikataa. Aliyewekwa dau ndiye aliyewakomboa waliomweka, na alijua wapi pa kukomea. Katika mchezo ule mzima ni yeye peke yake aliyeitumia ile kanuni ya pachisi, ya kupewa hesabu na kuiacha.

Kule Fatehpur Sikri, mji ambao Akbar alianza kuujenga mwaka 1571, upo uwanja uliochorwa kwa mawe umbo la pachisi. Masimulizi yanadai kwamba mfalme aliketi juu akicheza kwa kuwatumia vijakazi kama kete, waliovaa rangi za pande nne, wakihama chumba hadi chumba kwa amri. Masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya enzi ya Akbar na sitayashikilia. Tulicho nacho ni maandishi ya Abul Fazl, waziri wake, anayeeleza katika Ain-i-Akbari jinsi chaupar ilivyochezwa pale kwa siku nyingi mfululizo, hakuna ruhusa ya kurudi nyumbani mpaka duru zitimie, na mwenye kukosa subira akanyweshwa kikombe cha mvinyo. Abul Fazl anasema kwamba kwa juu juu ni mchezo, lakini mfalme alikuwa akipima tabia za watu. Huenda. Mimi nasema hata bila ya vijakazi, waliokuwa kete wanajulikana: ni wale wasioweza kuondoka.

Na leo? Kijana anakaa barazani na simu mkononi. Anaitwa mchezaji, na karatasi yake ya ubashiri inaitwa mkeka, jina la kitu tunachomtandikia mgeni. Akishinda ni ustadi wake, akishindwa ni refa. Ubishi wake na rafiki zake ni ule ule wa bahati na akili. Swali ambalo halijaulizwa ni lile la mjumbe wa Draupadi: hizo ulizoweka zilikuwa za nani? Kodi ya nyumba wanayolala watu sita, ada ya mdogo wake, akiba ya mama katika mchezo wa upatu. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Walikusudia chombo cha baharini, lakini lugha yetu imetufanyia hisani ya kuviita vyote viwili kwa neno moja. Dau la mezani nalo mara nyingi lina abiria ambao hawakuambiwa kwamba limeng'oa nanga.

Atasema: ningeachaje, nilikuwa nimekwisha poteza nyingi. Yudhishthira naye alikuwa na udhuru, tena wa heshima zaidi. Alisema ameapa kutokataa mchezo anapoitwa. Sisi tuna methali inayokaribiana na kiapo hicho, asiyekubali kushindwa si mshindani, na watu huitumia kumrudisha mtu mchezoni, ilhali ukiisoma vizuri inamwambia anyanyuke. Kukubali kushindwa ni kuhesabu kilichokwisha kwenda na kusema kimekwenda, kisha kuona kwamba mke, ndugu na mtoto hawamo katika hesabu hiyo.

Baada ya ukombozi ule Yudhishthira aliitwa tena, akaenda tena, akashindwa tena. Ikawa miaka kumi na miwili ya msitu na mmoja wa kujificha. Katika mwaka huo wa kumi na tatu alijibadilisha jina, akaingia nyumba ya mfalme Virata, na kazi aliyoichagua, kati ya kazi zote za dunia, ni kucheza dadu na mfalme. Draupadi alikuwa katika nyumba hiyo hiyo, mtumishi wa kusuka nywele za malkia. Siku moja Virata alikasirishwa na maneno ya mcheza dadu wake, akamrushia dadu usoni. Pua ikatoka damu. Draupadi aliyekuwa karibu akaleta bakuli la dhahabu lenye maji, akaikinga damu ile isianguke chini.